Mwovu Asiye na Pembe



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeomba nafasi katika kurasa hizi si kwa ajili ya kutoa mawaidha, bali kwa ajili ya kueleza aibu moja iliyotupata mbele ya watoto, na mahali aibu hiyo ilikotufikisha. Jambo lenyewe linahusu utunzi wa hadithi: vipi mtunzi amuumbe mtu mwovu, mwenye akili, ambaye msomaji atamsadiki. Huenda wengine wakaliona jambo hilo kuwa dogo kwa familia zenye kodi za kulipa na watoto wa kulea ugenini. Tunawaomba watuvumilie mpaka mwisho.

Wazee wa darasa la Jumamosi walitutaka tutunge mchezo mfupi wa kuigizwa na watoto siku ya Idi. Tukatunga. Mwovu wetu tulimwita Bwana Dhuluma. Tulimvisha joho jeusi, tukampa kicheko kirefu, na kila alipotokea jukwaani alitangaza mwenyewe kwamba yeye hana apendalo duniani ila mali ya mayatima. Katika mazoezi ya pili, binti mmoja wa miaka 13 alinyanyua mkono akasema: "Maalim, kwa nini watu wa mji huu wanampa pesa zao? Mtu kama huyu akija kwetu akabisha hodi, mama hamfungulii mlango."

Watoto wakacheka. Sisi hatukucheka. Tumesomesha fasihi kwa zaidi ya miaka 30, Unguja na kisha hapa Uingereza, na mtoto alikuwa ametushika pabaya. Zaidi ya hayo, tulikumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita mtu alikuja kwetu, hapa hapa Hayes, akabisha hodi, na mlango tukaufungua. Habari hiyo tutaifikia.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, tukapitia Church Road. Katika barabara hiyo pana jengo ambalo zamani lilikuwa skuli ndogo ya wavulana iliyoitwa The Hawthorns. Tangu Aprili 1932 hadi katikati ya 1933 alisomesha hapo kijana mmoja aitwaye Eric Blair. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Januari 1933 naye akiwa bado ni mwalimu hapa, na katika jalada la kitabu hicho ndipo lilipotokea kwa mara ya kwanza jina la George Orwell. Mji wetu hakuupenda hata kidogo, na aliwaandikia rafiki zake hivyo. Lakini, kama sisi, naye alitakiwa awatungie wanafunzi mchezo wa kuigiza, na mwisho wa 1932 aliwatungia mmoja juu ya Mfalme Charles II. Tulisimama kidogo mbele ya jengo lile tukijiliwaza kwamba angalau katika kazi hiyo hatuko peke yetu.

Mwaka 1935 Orwell alitoa riwaya iitwayo A Clergyman's Daughter, na ndani yake mna skuli mbovu ya watu binafsi na mwenye skuli mmoja aitwaye Mrs Creevy. Mama huyu hauwi mtu, wala hacheki kicheko kirefu. Anachofanya ni kuwagawa wanafunzi katika orodha tatu: wale ambao wazazi wao hulipa ada vizuri, wale wa kadiri, na wale wanaosuasua. Mtoto wa mlipaji mzuri asiguswe kamwe. Wa kadiri achapwe bila ya kuachwa na alama. Na wa tatu mwalimu amfanye atakavyo. Tulipoisoma sehemu hiyo kwa mara ya kwanza tulisisimka mwili, kwa sababu tulimfahamu. Hesabu yake ina mantiki. Ukimuuliza, atakueleza kwa utulivu kwamba bila ya ada hakuna skuli, na bila ya skuli nyinyi walimu mtakula nini. Uovu wake umo ndani ya daftari la mahesabu, na daftari halina pembe.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1945, alitoa hadithi ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Humo, nguruwe wanapoamua kula peke yao maziwa na matofaa, hawasemi kuwa wana uroho. Humtuma msemaji wao, Squealer, akawaeleze wenzao kwamba nguruwe ndio wanaofanya kazi ya akili, kwamba chakula hicho wanakila kwa maslahi ya wote, na kwamba wakidhoofika wao, yule bwana wa zamani atarejea. Ni nani anayetaka bwana wa zamani arejee? Hakuna. Basi hakuna wa kujibu. Hapo msomaji humwogopa mwovu kwelikweli: si pale anapopiga, bali pale anapotoa hoja ambayo hata sisi, tukiwa tumeketi na kitabu mkononi, inatuchukua muda kuijibu.

Sasa, isije ikadhaniwa kwamba tunakwenda kuazima kwa wageni jambo tusilokuwa nalo. Ni kweli kwamba mabingwa wetu wa kale walipenda kumpa mwovu jina linalomtangaza. Shaaban Robert, katika Kusadikika cha mwaka 1951, alimwita Majivuno yule waziri anayemshitaki Karama. Na katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Njia hiyo ina heshima yake. Kusadikika kiliandikwa chini ya utawala wa kikoloni, na fumbo lilikuwa ni ngao ya mwandishi. Wala Majivuno si mjinga: anajua kuitumia sheria na baraza la mfalme dhidi ya mtu ambaye kosa lake ni kutaka watu waijue sheria. Kosa ni letu sisi tunaoiga jina tu tukaacha akili iliyomo ndani yake.

Na kabla ya vitabu, bibi zetu walijua. Ni nani katika watu wa pwani asiyeisikia hadithi ya binti aliyewakataa wachumba wote wa mjini, mpaka akaja kijana mzuri, amevaa vizuri, anasema vizuri, akamkubali, na njiani ndipo akagundua kuwa ameolewa na zimwi? Bibi hakuanza kwa kusema zimwi lilikuja likiwa na kucha na moshi mdomoni. Alisema alikuja kijana mzuri. Utisho wote wa hadithi ulikuwa katika maneno hayo matatu. Hata katika dini yetu, Iblis alipokataa kusujudu alitoa hoja: yeye ameumbwa kwa moto, na Adam kwa udongo. Hoja yenyewe ni batili, lakini ina sura ya hoja, na aliyeitoa aliona kuwa haki iko upande wake.

Katika watunzi wa siku za karibu, wawili wametufunza sana. Utengano cha Said Ahmed Mohamed kilitoka mwaka 1980, tukakisoma tulipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa wiki nzima bweni letu halikuwa na mazungumzo mengine. Bwana Maksuudi, huko nje, ni mwanasiasa na mtu wa kuheshimiwa. Ndani ya nyumba yake ni jela ya mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Kilichotushitua ni kwamba kila tendo lake analifunika kwa neno ambalo sisi wenyewe tunalitukuza, nalo ni heshima ya nyumba. Na aliye dhidi yake, Bi Farashuu, ambaye kisasi chake kina sababu, naye hatuachii tukalala usingizi kwa amani. Maana kisasi chenye sababu huwapitia hata wasio na hatia.

Wa pili ni Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 tunayo sasa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, na tunaisihi kila familia iwe nayo. Humo yumo tajiri Aziz. Anapokuja kutembea humpa sarafu mtoto Yusuf, ambaye humdhania kuwa ni ami yake. Hana kelele, ananukia manukato, ana adabu. Siku moja anaondoka na mtoto, na polepole tunatambua kuwa Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Hakuna aliyempiga wala aliyemfunga kamba. Deni limeandikwa, muda umepita, mfanyabiashara amechukua haki yake. Tumejaribu mara nyingi kumchukia Aziz kwa moyo wote na hatukuweza. Na kushindwa huko ndiko kunakotutisha.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo pa kueleza habari ya yule aliyebisha hodi.

Hatutamtaja jina. Alikuja katika jamaa zetu akiwa hana haja na mtu. Aliwajazia wazee fomu za halmashauri, aliwapeleka wagonjwa hospitali kwa gari yake, na usiku mmoja mke wetu aliposhikwa na maradhi ya ghafla, yeye ndiye aliyekuja saa nane za usiku, akakaa nasi katika viti vile vya plastiki mpaka alfajiri, kisha akatusalisha kwenye kona ya ukumbi. Kwa muda wa miaka miwili hakuomba hata nauli. Na alipokuwa akija kwetu aliomba tumsomee mashairi, akasema kwamba huku ugenini hakuna tena wanaojua Kiswahili kama sisi. Tulifurahi. Tuseme kweli: tulifurahi kupita kiasi.

Mwaka wa tatu alianza kupanga safari ya umra kwa bei nafuu. Hapa Uingereza mwenye kuuza tiketi za ndege pamoja na malazi hutakiwa awe na leseni ya ATOL, utaratibu ulioanza mwaka 1973 ili kulinda fedha za msafiri. Tulimuuliza. Hakukasirika, wala hakubabaika. Aliweka kikombe chini akasema kwa huzuni: "Maalim, hata baina yetu sisi kwa sisi, tudaiane karatasi kama Wazungu?" Tukaona haya. Sisi tunaojua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Msahafu ndiyo ile inayotuamrisha tuliandike deni, tuliona haya kumtaka mtu karatasi. Siyo hayo tu: aliomba tuwaandikie watu barua fupi ya kumtambulisha, tukaiandika, kwa Kiswahili kizuri, tukatia saini.

Hayakupita majira mawili, simu yake ikawa haipokewi. Miongoni mwa waliopoteza alikuwemo mama mmoja mjane, mfagiaji wa ofisi za uwanja wa ndege, aliyekuwa akiondoka kwake saa kumi za usiku kupanda basi. Fedha zake zilikuwa ni za miaka 6. Hakutulaumu, na laiti angetulaumu. Kabla ya hapo alikuwa akituletea barua zake za Kiingereza tumsomee. Baada ya hapo hakuleta tena.

Usiku ule baada ya swali la binti tuliamua kumwandika mtu yule, ili tujue kama tunaweza. Mara ya kwanza tulimpa macho madogo na mikono yenye jasho. Ulikuwa uwongo, alikuwa mtu wa sura njema. Mara ya pili tulimwandika akicheka peke yake garini huku akihesabu noti. Ulikuwa uwongo vilevile, na tena uliwatukana walioibiwa, kwani msomaji angesema: hawa ni wapumbavu, mimi nisingeingia. Mwovu mjinga huwafanya wahanga wake wajinga zaidi. Hiyo ndiyo dhuluma ya kwanza ya mwandishi mvivu.

Mara ya tatu tuliamua kuandika yale tu tuliyoyaona: viti vya plastiki, sala ya alfajiri, kikombe kilichowekwa chini. Tulipofika kwenye usiku ule wa hospitali tukajiuliza: je, ulikuwa ni wema wa kweli, au ni chambo? Hatujui. Huenda yeye mwenyewe hajui. Huenda alianza kwa wema, kisha deni la mahali pengine likambana, akajiambia kwamba atakopa kidogo katika fedha za mahujaji na kurejesha kabla hawajajua. Tulipoyaandika hayo, mtu yule katika karatasi akaanza kupumua.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni chache, na tunawapa vijana wanaotaka kutunga. Mwovu apewe haja yake kwanza, kabla ya hila yake. Mtu hafanyi ubaya kwa sababu ni mbaya, hufanya kwa sababu anataka kitu. Apewe maneno anayojiambia usiku ili alale. Apewe kazi anayoiweza vizuri, maana ustadi ndio unaowavuta watu. Awajue wahanga wake kuliko wanavyojijua. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Na anapoanguka, asianguke kwa upumbavu wa ghafla ili mwandishi amalize kitabu, bali kwa tabia ile ile iliyompandisha.

Kuna kanuni moja iliyobaki, na hiyo hatukuigundua wenyewe. Tulipomaliza kuandika tulikwenda kwa yule mama mjane, tukamwomba radhi kwa kuchelewa, tukamwomba ruhusa tumsomee. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Tulikuwa na khofu moja tu, kwamba ataona tumemtetea mwizi; kwani wako wanaosema kumfahamu mtu ni kumsamehe. Sisi hatuoni hivyo. Hakimu hufahamu kwanza ndipo akahukumu, na hukumu ya asiyefahamu ni kelele. Lakini mama hakusema lolote juu ya hilo. Tulipomaliza alisema: "Maalim, yeye umemwandika sawasawa. Ndivyo alivyokuwa. Lakini wewe humo."

Tukamwuliza ana maana gani. Akasema: "Ile barua yako haimo. Mimi sikumwamini yeye. Mimi nilikuamini wewe."

Tulikuwa tumeandika kurasa 14, na barua yetu tulikuwa tumeiacha nje. Wala hatukuiacha kwa makusudi. Ndivyo tunavyoapa, na huenda hata yule bwana angeapa vivyo hivyo. Tulirudi nyumbani tukaitia. Tukamwandika mwalimu mstaafu anayependa kusifiwa Kiswahili chake, anayeona haya kuuliza karatasi, anayetia saini. Tulipomaliza tuliona kwamba hadithi haikuwa tena na mwovu mmoja aliyetoka mbali akaja kutuharibia. Ilikuwa na mlango, na mtu aliyeufungua, na sababu zake za kuufungua.

Mchezo wa Idi tuliuandika upya. Bwana Dhuluma amekufa, na mahali pake pana kijana asiye na jina la kutisha, anayeingia na sahani ya haluwa na kumtengenezea bibi mmoja redio yake. Binti yule wa miaka 13 aliomba nafasi hiyo yeye mwenyewe. Siku ya Idi, alipoondoka jukwaani na kibweta cha fedha za watu, mtoto mdogo aliyeketi mbele alisimama akalia: "Lakini yeye alikuwa mzuri!" Mama yake alimketisha. Nasi hatukuwa na jambo la kuongeza.

Hadithi ile ya kurasa 14, ambayo sasa ni 19, hatutaichapisha. Nakala moja tumempa mama mjane, kwa kuwa ni yake. Kila mwezi tunampelekea sehemu ya kile alichopoteza, kidogo kidogo. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea, akatuandikia risiti. Alisisitiza iandikwe.

Wako wanaotuuliza kama watoto wasomewe hadithi zenye watu waovu waliopendeza hivyo. Jawabu letu ni kwamba mtoto tuliyemfunza kuwa mwovu ana pembe atakwenda duniani akitafuta pembe, na asipoziona ataweka mkono wake katika mkono wa yeyote. Asaa hadithi ikamfunza kutazama daftari, na kutoona haya kuomba karatasi.